Usingizi Juu ya Usingizi

“Basi niambie kilikuwa ni nini, kama si usingizi juu ya usingizi,” Fundi alisema, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika futi ya kupimia nguo kama bakora. “Mama yangu alikuwa ameshaamka. Ametapika, ametoa macho, ameniita. Wewe ukamrudisha kulekule. Nilikuona kwa macho yangu.”

Nesi alikuwa ndiyo kwanza anaingia getini. Mkoba ulikuwa bado begani, na alama ya kamba za barakoa bado imemchora mashavuni. Alitoka kazini akiwa ameunganisha zamu mbili, miguu imevimba mpaka viatu vimekuwa vya mtu mwingine. Makelele aliyasikia tangu kwenye kona ya duka, akadhani ni yaleyale ya foleni ya bomba, akajiambia atapita pembeni kama asiyehusika, aoge, aanguke kitandani. Kumbe anayesemwa ni yeye. Mpaka hapo aliyekuwa akimtetea ni kinyozi wa chumba cha kwanza, mtu mpole asiyependa shari, naye alipoona mwenye kesi ametokea alishusha pumzi, akamwachia uwanja, akaingia ndani na kufunga mlango taratibu.

Ilikuwa nyumba ya wapangaji, vyumba vinatazamana, katikati uwanja wa saruji wenye bomba moja na kamba za nguo zilizopishana kila upande. Mtu akikohoa chumba cha mwisho, chumba cha kwanza wanampa pole. Fundi alikuwa na cherehani yake barazani, akishona sare za shule na kurekebisha suruali za watu walionenepa. Mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa akiishi naye. Bibi ndiye aliyekuwa redio ya nyumba. Mlango wake haufungwi, kiti chake hakipoi, na mtu akipita bila kuingia kusalimia, kesho yake ataulizwa kama ana neno.

Sasa Bibi alikuwa amelala tu. Alifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa tezi shingoni, akaruhusiwa, akarudi nyumbani na bandeji yake, na tangu arudi alikuwa hasemi. Ukiingia amelala, ukitoka amelala. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona Bibi amenyamaza mchana, ilibidi apatikane wa kulaumiwa.

Aliyempata ni Mama Mkaa. Huyu alikuwa akiuza mkaa hapo nje ya geti, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, na hakuna ugonjwa aliokosa jibu lake. Alikuwa amesimama nyuma ya Fundi, akiitikia kila neno kwa kichwa, na Fundi alipovuta pumzi alipokea yeye. Akaeleza, kwa upole wa mtu anayefundisha wagumu kuelewa, kwamba nusu kaputi huingia kwa sindano na hutokea mdomoni. Ndiyo maana watu hutapika. Yeye mwenyewe, alipopasuliwa wakati wa kitinda mimba wake, alitapika kutwa nzima, usingizi ukatoka wote, na ndiyo sababu mpaka leo hajui kusinzia. Hilo halikuwa na mpinzani, maana ulimi wake hakuna aliyewahi kuuona umelala. Lakini Bibi, alisema, alikuwa anatapika vizuri, usingizi unatoka mmoja mmoja, mara akaja mtu na sindano nyingine akauzibia njia. Sasa umebaki ndani. Unamla mdogo mdogo.

Nesi aliwasikiliza huku akitafuta pa kuweka mkoba. Alitaka kusema kwamba amechoka, wazungumze kesho. Ndipo alipoliona bakuli. Lilikuwa juu ya kigoda, karibu na cherehani, limefunikwa sahani.

Akauliza lile ni la nini.

“Maji ya vuguvugu na chumvi,” Mama Mkaa akajibu. “Vikombe viwili, vitatu. Yasipofanya kazi, tunampitishia kidole. Leo utatoka wote.”

Uchovu haukumtoka Nesi, ila ulisogea kidogo kupisha kitu kingine. Aliona shingo ile, mshono bado mbichi, na mwanamke mzee ameinamishwa juu ya beseni, anakamuliwa matumbo mpaka mishipa inasimama. Kazini kwake hilo ndilo walilokuwa wakiliogopa kuliko yote. Damu ikivuja mle ndani, chini ya ngozi, haina pa kwenda. Inabana koo. Mtu anakosa hewa mbele ya macho yako, na hospitali iko mbali.

Akawaambia hivyo, kwa maneno mepesi aliyoweza kuyaokota. Fundi akamtazama, kisha akamwambia asiwatishe. Kila mtu wa hospitali akibanwa, alisema, hukimbilia damu.

Kusema kweli, chanzo cha yote kilikuwa ni wema. Asubuhi ya upasuaji Nesi alitoka nje mpaka kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, akakaa na Fundi kama jirani. Ndugu wengine hawapati bahati hiyo. Wao huambiwa wasubiri, wanasubiri. Akamweleza kwamba mama atapigwa sindano ya dawa nyeupe kama maziwa, atalala fofofo, hatahisi kisu, na akiamka atamkuta mwanawe. Fundi alimshukuru mpaka machozi yakamlenga. Alilishika lile la maziwa.

Upasuaji ulikwenda salama. Shida ilianza kwenye chumba cha kuamkia. Bibi alifumbua macho, akauliza yuko wapi, halafu tumbo likamgeuka. Dawa za kuzuia kutapika alishapewa kabla hata hajaamka, maana wanaopasuliwa shingo hujulikana kwa hilo. Akaongezewa ya aina nyingine. Haikusaidia kitu. Kila akijikunja, bandeji inavutika, na daktari aliyempasua alikuwa amesimama miguuni pa kitanda akiitazama ile bandeji kama mtu anayetazama bwawa wakati wa mvua. Nesi akamwita daktari wa usingizi. Wakashauriana. Hiyo dawa nyeupe, ile ile, ikitolewa kidogo sana, kiasi kisichomlaza mtu, huwa inatuliza kichefuchefu kilichoshindikana. Watu wa kazi hiyo wanalijua. Wakakubaliana.

Nesi akavuta kidogo, nyeupe chini kabisa ya bomba la sindano, akaisukuma polepole, macho kwenye mashine inayopima hewa, mkono mwingine tayari kwenye kidevu cha Bibi. Ile dawa haina utani hata ikiwa kidogo. Ukiigeuzia kisogo inaweza kumsahaulisha mtu kupumua. Bibi akashusha pumzi ndefu. Uso uliokuwa umekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa ukafunguka. Hakutapika tena.

Na kwenye kioo cha mlango, pua imegandamana na kioo, alikuwapo Fundi. Aliona weupe.

Baadaye kwenye korido Fundi aliuliza amempa nini mama yake. Wakati huo Nesi alikuwa ameshaitwa kwa mgonjwa mwingine, yuko nusu anakwenda nusu anasimama. Akamjibu kwamba amempa kidogo ile ya mwanzo, atulie. Akaingia ndani na mlango ukajifunga. Ni hayo tu. Yaliyobaki yalijengwa nyumbani, tofali kwa tofali, huku Mama Mkaa akikoroga udongo.

Sasa pale uwanjani Nesi alijaribu tena. Akaitazama cherehani, akaitazama pasi ya Fundi iliyosimamishwa juu ya meza, na akili iliyochoka ikashika ilichokiona.

“Chukua pasi,” alisema. “Ikikolea moto inaunguza gauni. Ikiwa vuguvugu inanyoosha mkunjo tu. Ni pasi ile ile.”

“Mama yangu si gauni,” Fundi akajibu.

Mama Mkaa akaguna kwa kuridhika. Kutoka chumba cha kinyozi kilisikika kicheko kilichozibwa haraka. Nesi mwenyewe aliona kwamba mfano umekufa palepale, na hakuwa na nguvu ya kutafuta mwingine. Akaomba jambo moja: wamwache amwone Bibi kwanza, kabla ya hayo maji. Fundi akalifikiria. Walikuwa marafiki hawa wawili, hilo lisisahaulike. Walikuwa wakikopeshana vitunguu na kuwasengenya pamoja watu wa nyumba ya pili. Akasema amwone, lakini sindano hapana, na yeye atakuwa amesimama hapohapo. Mama Mkaa akalichukua bakuli, akafuata nyuma.

Chumbani hapakuwa na pa kuweka mguu. Viti vya nyumba nzima vilikuwa vimehamia mle. Kwenye kochi walibanana watu wanne, wengine chini kwenye mkeka, mmoja ameegemea kabati akimenya chungwa. Hewa ilikuwa nzito kama ya stoo. Mama mmoja mnene, jamaa wa mbali upande wa marehemu baba, alikuwa katikati ya habari ya shemeji yake aliyepasuliwa shingo hiyohiyo, akapona, akarudi kazini, halafu siku moja anakunywa chai tu, hivi hivi tu. Mwisho wa ile habari alikuwa anautayarisha kwa utamu. Mwingine alikuwa akimwonyesha mwenzake kitu kwenye simu, sauti ya simu iko juu. Wote walipomwona Nesi walinyamaza kwa pamoja, ule ukimya wa watu ambao jina lako lilikuwa kinywani mwao sasa hivi.

Bibi alikuwa amelala chali, amefunikwa shuka mpaka kidevuni, macho yamefumba.

Nesi akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kwanza akaitazama bandeji: kavu, safi, shingo haijavimba. Akaweka kiganja kifuani, akasikiliza pumzi. Pumzi ilikuwa imenyooka mno. Mtu aliyelala hapumui kwa nidhamu hivyo. Hukoroma, husita, hukosea. Taya lilikuwa limefungwa vizuri. Na koo, chini ya ile bandeji, lilimeza mate, likatulia, likameza tena, kama la mtu anayesikiliza habari na kungoja mwisho wake.

Watu wa kazi ya Nesi wana mtindo wao. Kabla ya kuamini kwamba mtu kalala, humgusa kope kwa ncha ya kidole. Aliyezama kabisa, kope haina habari. Aliyelala usingizi wa nyumbani hugeuza uso au huamka akilalamika. Nesi akapitisha kidole, taratibu, kama anayefuta vumbi.

Jicho likakazwa. Likakazwa kwa nguvu, kama la mtoto anayeogopa sabuni.

Mkono wake wa pili Nesi alikuwa ameuegemeza ng’ambo ya Bibi. Kisha akahisi kitu chini ya shuka. Vidole vya Bibi vilikuwa vimetoka upande wa ukutani, ambako hakuna anayeona, vikamshika kidole chake kidogo. Vilikishika, vikakiminya, havikukiachia.

Ukikaa na watu wengi waliochoka unajifunza kuzitambua namna za uchovu. Nesi aliitambua hii mara moja. Pale ndipo Bibi alipokuwa ameshinda tangu arudi, asubuhi mpaka jioni, watu wakija kumjulia hali na kukaa. Na yeye ndiye mwenye mlango usiofungwa. Miaka yote aliwacheka wanaowaambia wageni kwamba wamechoka. Leo angewaambia nini? Na kwa sauti gani, koo lenyewe limeshonwa? Akafumba macho. Wageni hawakuondoka. Walishusha sauti kwa muda, halafu wakazipandisha.

“Umeona?” Fundi akauliza kutoka mlangoni. Sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. Ilikuwa ya mtu anayeogopa. “Haamki. Hata ukimgusa.”

Hapo Nesi angeweza kumaliza kesi yote kwa sentensi moja. Angesema, Bibi huyu yuko macho kuliko nyinyi nyote, na kila mtu angeona, na jina lake lingesafishika kabla chungwa halijaisha kumenywa. Alilifikiria. Alifikiria pia kicheko ambacho kingefuata. Katika nyumba ile kitu kikichekwa leo kitachekwa mpaka wapangaji wapya wahadithiwe. Bibi alijifanya amelala awakimbie wageni. Vile vidole vilivyomshika vilikuwa vinajua hivyo.

Mama Mkaa alishapita katikati ya miguu ya watu. Alifunua bakuli, akaomba mtu mmoja wa kumnyanyua mgonjwa na mwingine wa kushika beseni. Yule mama mnene akainuka, akakunja mikono ya gauni.

“Subirini,” Nesi alisema. Alisema bila kuinua kichwa. “Sawa. Usingizi umo ndani.”

Watu wakakodoa macho.

“Mimi ndiye niliyeuweka, mimi ndiye ninayejua unavyotoka. Hautoki kwa kutapika. Mkimtapisha unarudi chini zaidi. Unatoka kwa kulala kwenye chumba kitupu, bila mtu, bila simu, bila habari za shemeji. Kesho asubuhi utakuwa umeisha. Usipoisha, nileteeni hilo bakuli nilinywe mimi.”

Aliyasikia maneno yake mwenyewe kama yanatoka kwenye chumba cha pili. Miaka mingapi amewaambia watu kwamba hakuna usingizi unaobaki mwilini, kwamba dawa ile huondoka yenyewe upesi, kwamba wasiogope. Kesho Mama Mkaa ataligawa hili pamoja na mkaa: hata mtu wa hospitali mwenyewe amekiri. Na mahali fulani mama wa mtu, mwenye uvimbe wake, atakataa kupasuliwa. Alijua. Lakini bakuli lilikuwa pale kitandani, mikono imeshakunjwa, na hakuwa na sentensi nyingine ndani yake.

Fundi alishika mlango. “Kwa hiyo umekubali.”

“Nimekubali. Watoe watu.”

Hakuna aliyetoka. Yule mama mnene alimgeukia mwenzake, yule mwenzake akamgeukia mwingine, na minong’ono ikaanza kujaa kama maji kwenye ndoo: mnaona, si tulisema, na serikali inawalipa. Mmoja akasema kwa sauti kwamba mtu wa namna hiyo hafai kuachwa aishi na wenziwe. Nesi aliangalia sakafu. Alikuwa anawaza kitanda chake tu.

“Mwacheni mtoto wa watu.”

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, nyembamba, na ilichukua muda watu kujua imetoka wapi. Bibi alikuwa amefumbua macho. Alikuwa akiitazama dari, siyo wao.

“Usingizi gani?” alisema. “Tangu nirudi sijalala. Usiku mshono unaniwasha, mchana mnakuja nyinyi. Nikaona nikifumba macho mtaona haya muondoke. Hamkuona haya. Mkaongeza viti.”

Fundi alikwenda akapiga magoti kando ya kitanda. Akamwuliza mama yake, polepole, kwa nini hakumwambia.

“Ningekwambia saa ngapi?” Bibi akajibu. “Wewe ndiye ulikuwa unaleta viti.”

Akapumzika, akameza mate kwa shida. Nesi akamwashiria asiseme zaidi, lakini Bibi alikuwa amenyamaza siku nyingi mno kwa mtu wa aina yake.

“Na siku ile sikulala,” akaendelea. “Nilikuwa natapika mpaka naona giza. Akanitia kidogo, tumbo likanyamaza kama mtu kalizima. Basi. Nikabaki nawasikia. Yule daktari mrefu anamwambia huyu kwamba gari lake limegoma tena, na fundi wake wa magari anambadilishia vifaa vizima na kumwekea vibovu. Mwulizeni kama si kweli.”

Macho yote yakahamia kwa Nesi. Nesi akasema ni kweli, na kwamba gari bado limegoma. Mama Mkaa, bakuli mkononi, alisahau kabisa alichokuja kufanya. Akataka kujua ni daktari yupi huyo, na fundi ni yule wa karibu na kituo cha mafuta au ni mwingine, maana wa karibu na kituo cha mafuta hata yeye anamjua. Fundi akamtazama tu. Mama Mkaa akanyamaza, na hilo, kinyozi alisema baadaye, lilikuwa la kwanza tangu ahamie.

Kuondoka kwa wageni hakukuwa na heshima wala aibu kamili. Kila mmoja alikumbuka kitu alichoacha jikoni. Yule mama mnene alitaka amalizie habari ya shemeji yake kwa ufupi, akashikwa kiwiko na mwenzake, na mpaka leo mle chumbani hawajui yule shemeji alipata nini na ile chai. Mwenye chungwa aliacha maganda juu ya kabati. Mama Mkaa alitoka na maji yake ya chumvi, akisema kwa heshima zote kwamba hayawezi kumwagwa hivi hivi, atalowekea miguu.

Nesi alifungua dirisha. Akamwinua Bibi kichwa, akaongeza mto, akamwonyesha Fundi namna ya kumlaza ili shingo isivutike. Akamwambia ishara za hatari: shingo ikivimba, sauti ikizidi kubana, pumzi ikipiga filimbi, asingoje kushauriana na mtu, amgongee mlango au akimbie hospitali. Fundi aliitikia kila moja. Walipogeuka, Bibi alikuwa mdomo wazi, taya limelegea, anakoroma kwa sauti ya msumeno mbovu. Nesi alisimama kidogo akiusikiliza ule mkoromo. Kwake huo ndio usingizi, hauna nidhamu.

Nje barazani walisimama wawili, mlango wameurudisha nyuma yao.

“Yale niliyosema mle ndani,” Nesi akaanza, “kwamba umo ndani. Si kweli. Nakuomba yasitoke na mtu. Haukuwemo. Ile dawa ilishaondoka mwilini kabla wewe hujapanda gari siku ile kurudi nyumbani kubadilisha nguo.”

Fundi alivutavuta futi yake iliyokuwa shingoni. Akasema hilo amelielewa, mama amelisema. Kilichomsumbua ni kingine. Kama dawa ni ya usingizi, na mtu hakulala, iliwezaje kushika matapishi?

Nesi akaegemea ukuta. Akasema ukweli, kwamba hata wale waliosomea sana hawajakubaliana. Wengine wanasema inatuliza mahali fulani kwenye ubongo panapoamuru tumbo, wengine wanasema vingine. Wanaona inafanya kazi kwa wengi, kwa wengine haifanyi, na kwa Bibi ilifanya.

“Kwa hiyo nyinyi wenyewe hamjui.”

“Tunajua inazuia. Kwa nini, bado.”

Fundi akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Ajabu ni kwamba jibu hilo lilimwingia kuliko pasi na gauni. Labda kwa sababu halikujaribu kumshinda. Akasema angeambiwa hivyo siku ile pale koridoni, hata kwa neno moja tu zaidi, asingeweka maji jikoni. Nesi akasema siku ile hakuwa na neno moja zaidi. Halikuwa jibu la kujitetea, na Fundi hakulipokea hivyo. Yeye pia alijua jinsi mtu anavyofika mwisho wa siku mdomo umeisha. Kuna wateja wake huwaitikia kwa pini alizobana kwenye meno.

Msamaha haukuombwa, kwa sababu kati ya watu wanaotumia bomba moja msamaha ukiombwa kwa sauti lazima mtu alie, na hakuna aliyekuwa na machozi ya ziada. Uwanjani kulikuwa kumetulia namna isiyo ya kawaida. Mtu wa chumba cha pili alianua nguo zake akinyata, kana kwamba na yeye alikuwa ametangaziwa kwamba nyumba nzima imelazwa.

Nesi akauokota mkoba wake. Akasema anakwenda kulala, na kwamba kama Bibi akiamka na njaa apewe uji mwepesi, uwe wa baridi kidogo, kwa kijiko. Alishapiga hatua kuelekea mlangoni kwake wakati Fundi alipomwuliza amekula saa ngapi. Nesi akalazimika kufikiri. Alikunywa chai, alisema, lakini hakumbuki kama ilikuwa ya zamu ya kwanza au ya pili.

Fundi akamvua mkoba begani kabla hajamaliza kusema. Akaufungua mlango wa chumba kidogo wanachopikia, ambako sufuria kubwa ilikuwa bado juu ya jiko, kifuniko kinachezeshwa na mvuke.

“Nimepika kwa ajili ya watu wote wale, na wote wamekwenda zao,” alisema. “Vua hivyo viatu vinavyokuua. Ingia ule.”